Mti Husinyaa, Shaba Haisinyai

Filimbi ya mbao iliyochongwa London katika miaka ya 1830 haina makeke ikilazwa mezani. Ni vipande vinne au vitano vya mti wa rangi ya kahawia iliyokolea, vinavyoingiliana kwa ndimi zilizozungushiwa uzi, vyenye pete za fedha kwenye viungo, matundu sita ya vidole na vibonye vinane vinavyoziba matundu mengine madogo. Hushikwa kingamo, ikielekea bega la kulia, na mpulizaji hupitisha pumzi juu ya ukingo wa tundu moja lenye umbo la yai. Mnadani, dalali ataisifia kwa mambo matatu: jina lililopigwa muhuri kwenye mti, umri wake, na aina ya mti wenyewe. Mnunuzi naye hulipia hayo matatu, na mara nyingi hulipia kwa kuumia. Jambo la nne halionekani kwenye picha wala halitajwi katika tangazo. Ni umbo la mrija wa ndani: unaanza kwa upana gani, unapungua kwa mwendo gani, na matundu yametobolewa wapi na kwa mteremko upi. Dai langu ni kwamba jambo hilo la nne ndilo filimbi yenyewe, na kwamba mti ni chombo cha kulibebea tu, tena chombo kisichoaminika. Ukilikubali hilo, maswali yanayowagombanisha wanunuzi, mafundi na wapulizaji huanza kujibika, ingawa majibu mengine hayatawafurahisha wauzaji wala wakusanyaji.

Vyombo hivi vipo vingi sokoni kwa sababu London ya mwanzoni mwa karne ya 19 ilikuwa na wazimu wa filimbi. Ilikuwa chombo cha waungwana, na kijana wa tabaka la kati aliyetaka kuonekana mstaarabu alijifunza kuipuliza. George Rudall na John Rose walianza kazi pamoja mwaka 1821, wakatoa maelfu. Charles Nicholson, mpulizaji aliyesifika Uingereza nzima hadi alipofariki mwaka 1837, alitumia filimbi yenye matundu makubwa kuliko ya wenzake, na sauti yake nzito ilimshangaza Theobald Boehm, mpulizaji na fundi wa Munich, aliyemsikia London mwaka 1831. Boehm alirudi kwao akaiunda filimbi upya. Ile ya mwaka 1832 bado ilikuwa na mrija wa umbo la pia. Ya mwaka 1847 ikawa na mrija wa silinda, matundu makubwa yaliyopangwa kwa hesabu, na mtambo wa vibonye wa kuyafunika. Hiyo ya pili ndiyo mama wa filimbi ya fedha ya okestra za leo. Waingereza waliing'ang'ania ya kale kwa miongo kadhaa, lakini hatimaye za vibonye vinane zilishuka bei, zikaangukia maduka ya rehani, na kufikia mikono ambayo isingemudu kuzinunua zilipokuwa mpya. Wapulizaji wa muziki wa dansi wa Ireland walizipokea, pamoja na zile za bei nafuu zilizomiminika kutoka Ujerumani. Wahamiaji waliipeleka filimbi ng'ambo. Rekodi alizofanya John McKenna wa Leitrim akiwa New York katika miaka ya 1920 zilimpa mpulizaji wa filimbi heshima mpya katika muziki huo. Leo wanaozitafuta zaidi ni wapulizaji wa Ireland na wafuasi wao duniani kote, wakifuatwa na wanamuziki wanaopiga kazi za karne ya 19 kwa vyombo vya wakati wake.

Tuanze na jina, maana ndilo linalopandisha bei haraka. Zipo filimbi zilizopigwa muhuri wa "C. Nicholson's Improved" pamoja na jina la Clementi & Co. Nicholson ndiye aliyezipuliza na kuzipa sifa. Clementi, mtunzi wa muziki wa kinanda aliyegeuka mfanyabiashara, ndiye mwenye duka. Na aliyesimama kwenye mashine ya kukereza ni Thomas Prowse. Jina linalomvuta mnunuzi si la aliyechonga. Kwa Meyer mambo ni mabaya zaidi. H. F. Meyer wa Hannover alikuwa fundi wa kweli na filimbi zake zilipendwa, kwa hiyo karakana za Saxony zilitoa filimbi chungu nzima zenye jina lake, nyingine zikikiri kwa maandishi kwamba zimefuata mtindo wake tu. Kati ya hizo zipo zinazopulizika vizuri, na zipo ambazo ni kuni. Jina lina faida moja halali, nayo ni kukadiria tarehe: Rudall na Rose walihama kutoka Covent Garden kwenda Tavistock Street, kisha Southampton Street, na anwani iliyopigwa chini ya jina, ikisomwa pamoja na nambari ya chombo, hutaja muongo. Lakini hata filimbi mbili za karakana moja, za mwaka mmoja, hazilingani. Rudall na Rose walichonga zenye matundu madogo, ya wastani na makubwa, kwa matakwa ya mteja. Mrija nao ulipanuliwa kwa kekee yenye umbo la pia, iliyonolewa tena na tena, kila kunoa kukiipunguza kidogo. Muhuri hauwezi kukueleza lolote kuhusu hayo.

Atakayenipinga kwanza ni yule anayeamini kwamba mti wenyewe ndio unaoimba, na kwamba mti uliokomaa kwa miaka 180 una sauti ambayo mti mpya hauna. Imani hii haifai kubezwa, kwa kuwa wengi wanaoishikilia wamepuliza filimbi nyingi kuliko wanaoikanusha. Ushahidi, hata hivyo, hauko upande wao. Mwaka 1971 mwanafizikia wa Marekani John Coltman alichapisha matokeo ya jaribio la filimbi tatu zenye vipimo sawa vya ndani, moja ya fedha nyembamba, moja ya shaba nzito na moja ya mbao. Wasikilizaji walishindwa kuzitofautisha, na wapulizaji wenyewe, walipozuiwa kuziona na kuhisi uzito wake, walishindwa vilevile. Hakuna muujiza hapo: katika filimbi kinachotikisika na kutoa sauti ni hewa iliyomo ndani ya mrija, wakati katika gita ubao wenyewe ndio unaotikisika. Ushahidi mwingine ni wa zamani zaidi. Mwaka 1806 Claude Laurent, fundi wa saa wa Paris, alipata hataza ya filimbi za kioo, na sifa aliyozinadia ni kwamba kioo hakibadiliki kwa joto wala kwa unyevu. Mtu aliyezoea kazi ya saa aligundua kwamba kasoro ya filimbi ya mbao ni vipimo vinavyohama, akatafuta kitu kisichohama.

Hata hivyo wapinzani wapewe haki yao: mti una kazi, ila si ile wanayoitaja. Mti mgumu wenye nyuzi zilizobanana hukubali kukatwa ukingo mkali usiofumuka kwenye tundu la mdomo, na ukingo huo ndiyo sehemu nyeti kuliko zote, kwa sababu hapo ndipo pumzi inapogawanyika na sauti kuzaliwa. Mti wa namna hiyo pia hung'arika vizuri ndani na kufyonza maji polepole. Ndiyo maana mafundi wa London waliiacha miti ya njano ya Ulaya waliyoitumia waliowatangulia, ambayo hupinda ikilowa, wakahamia kokasi, mti mdogo wa Jamaika na Kuba ambao wataalamu wa mimea huuita Brya ebenus. Kokasi ilipoadimika, mpingo wa Tanzania na Msumbiji ukachukua nafasi yake, nao ndio unaotawala hadi sasa katika filimbi za mbao, klarineti na obo. Mti mzuri, basi, ni ule unaopokea kipimo bila kukiharibu na kukitunza kwa muda mrefu. Kuna pia jambo dogo la pembeni ambalo wauzaji hulisahau kwa hiari: kokasi huwawasha baadhi ya watu midomo na kidevu hadi ngozi kutoka vipele, na mtu wa namna hiyo hata apewe Rudall ya bure haitamfaa.

Umuhimu wa kipimo huonekana wazi zaidi katika suala la kimo cha sauti. Leo okestra nyingi hulinganisha vyombo kwa noti A ya hezi 440, kiwango kilichokubaliwa katika mkutano wa kimataifa mwaka 1939. London ya karne ya 19 ilipanda hadi karibu 452, na jumuiya ya Philharmonic haikushuka hadi mwaka 1896 ilipochukua 439. Bendi za jeshi zilibaki juu kwa muda mrefu zaidi. Kati ya 452 na 440 kuna karibu robo toni, na kwa sikio hilo ni pengo kubwa. Muuzaji wa filimbi ya kimo kile cha juu atasema, vuta kichwa nje kidogo, itashuka. Tufanye hesabu. Ili D ya chini ishuke kutoka kimo kile hadi hiki, safu ya hewa irefushwe kwa takriban milimita 16. C# ya juu, ambayo safu yake ya hewa ni fupi, inahitaji milimita 8 au 9 tu. Ukivuta 12 ili kuzipatanisha, D inabaki juu na C# inashuka kupita kiasi, na mpulizaji atashinda akigeuza midomo noti moja baada ya nyingine. Kinyume chake hutokea pia. Filimbi nyingi za Uingereza za mwanzoni mwa karne hiyo zilipangiwa kimo cha chini kuliko cha leo na mkia wake ni mrefu, hivyo ukisukuma kichwa ndani kabisa A hufika 440 huku D ya chini ikilegea. Kwa hiyo kabla ya kuuliza aliyeichonga, mnunuzi aulize umbali kutoka tundu la vidole lililo juu kabisa hadi tundu la kibonye cha Eb mkiani. Umbali huo hauguswi na kuvutwa wala kusukumwa kwa kichwa, kwa hiyo ndio unaofichua kimo alichokikusudia fundi.

Mti hausinyai sawasawa pande zote. Hupungua zaidi kwa kufuata mzunguko wa duara zake za umri kuliko kwa kuelekea kiini cha gogo, na kwa urefu ni kama haupungui. Mrija uliokuwa duara kamili siku ya kuuzwa leo umebonyea kidogo, upana wake ukitofautiana kwa visehemu vya milimita kulingana na upande unaoupima. Pete zilizokuwa zimekaza zinazunguka kwa kusukumwa na kidole, na hiyo ndiyo dalili ya kwanza ambayo mkaguzi anapaswa kuitafuta. Lakini pigo kubwa zaidi liko kichwani. Tangu mwishoni mwa karne ya 18 mafundi wa London walipenda kutia bomba la shaba ndani ya kipande cha kichwa na kile kinachokifuata, ili vipande hivyo viteleze na sauti irekebishwe kirahisi. Lilikuwa wazo zuri kwa siku ya mauzo. Baada ya miaka mia moja mti umesinyaa na shaba iko vilevile. Mti uliokumbatia bomba lisilokubali kupungua hauna njia isipokuwa kupasuka, nao hupasuka kwa urefu, kufuata nyuzi, mara nyingi ufa ukipita katikati ya tundu la mdomo. Vichwa vya zama hizo vyenye bomba la shaba na visivyo na ufa ni vichache kiasi kwamba ukikutana na kizima, uliza kwanza kama ni cha filimbi hiyo kweli, au kama ufa umefichwa kwa rangi na nta.

Namna ufa huo unavyotibiwa ndiyo inayomtambulisha fundi. Wa haraka hujaza gundi na unga wa mbao huku shaba ikiwa bado ndani, akapiga msasa, akang'arisha, na kazi inapendeza hadi msimu wa ukavu unaofuata, ufa unapofunguka palepale au sentimita moja pembeni. Anayejua kazi huanza kwa kulitoa bomba, kwa joto la kiasi linalolegeza kile kilicholishikilia. Shaba ikitoka, ufa hujifunga wenyewe kwa sehemu kubwa, kwa sababu kilichokuwa kikiupanua hakipo tena. Kinachobaki hutiwa gundi nyepesi inayopenya hadi chini, au kijiti chembamba cha mti wa aina ileile ikiwa mwanya ni mpana, na mahali penye mkazo hufungwa kwa nyuzi imara zilizolazwa katika mfereji uliokatwa kuzunguka kipande. Kisha mti hupanuliwa kidogo kwa ndani, pale unapogusana na shaba, ili bomba lirudi bila kubana. Hatua hiyo huwatisha wanaopenda uhalisi, kwa kuwa mti wa kale unaondolewa kwa chuma. Lakini angalia unaondolewa wapi: nyuma ya shaba, mahali ambapo hewa haifiki. Bomba ni lilelile, tundu la mdomo ni lilelile, mrija umebaki na upana uleule. Uhalisi uliopotea ni wa sehemu isiyosema chochote, na kwa malipo hayo kichwa kinaweza kuishi karne nyingine.

Kutokana na hapo napata kigezo cha ukarabati wote. Kazi yoyote isiyogusa njia ya hewa, au inayoigusa kwa namna inayoweza kutenguliwa, iruhusiwe bila makelele. Pedi mpya za ngozi chini ya vibonye, springi mpya, uzi mpya kwenye ndimi, kizibo kipya ndani ya kichwa: vyote hivyo vilibadilishwa tangu enzi za mwenye chombo wa kwanza, na anayelilia pedi za mwaka 1840 analilia kitu ambacho yamkini kilikwisha kutupwa kabla ya mwaka 1860. Yanayonitia hasira ni mengine. Kuna waliopitisha kekee ndani ya mwili wa filimbi ili kuurudishia mrija duara, na waliopanua matundu kwa tupa kidogo kidogo ili kupandisha noti. Wapo pia waliokata ncha za vipande ili chombo kifikie kimo cha bendi ya mtaani, na hao wa mwisho wengi wao walikuwa watu wa karne ya 19 hiyohiyo. Baya kuliko yote ni kuchonga upya ukingo wa tundu la mdomo "kuuamsha". Kila kimojawapo huondoa mti ambao haurudi, na pamoja na mti huo huondoka maamuzi ya aliyechonga, yale tuliyokubaliana kwamba ndiyo bidhaa.

Mpulizaji ana pingamizi la haki hapa. Atasema: nimenunua chombo cha muziki, si kaburi la vipimo, na kama D yangu inalegea nifanye nini, nipulize peke yangu chumbani? Jibu ni kwamba zipo njia. Tundu lililo juu mno hushushwa kwa nta ya nyuki iliyopakwa ukutani mwake, na nta hutoka kwa kucha siku yoyote. Kichwa kipya chenye vipimo vinavyofaa huchongwa na fundi wa leo, kile cha kale kikawekwa sandukuni kikiwa na mdomo wake usioguswa; hata kipande cha mwili kinaweza kuchongewa pacha. Ni gharama, sikatai. Lakini mara nyingi ni nafuu kuliko tofauti ya bei kati ya filimbi yenye muhuri maarufu na ile isiyo nao, na mnunuzi aliyeweka fedha zake kwenye muhuri ndiye huyohuyo anayekuja baadaye kumwomba fundi apanue matundu.

Upande wa pili wapo watunzaji wa makumbusho, wanaosema filimbi ya kale isipulizwe kabisa. Mwaka 2022 mwanamuziki Lizzo alipopuliza jukwaani Washington filimbi ya kioo ya Laurent ya mwaka 1813, iliyowahi kuwa ya Rais James Madison na ambayo imo katika mkusanyiko wa Dayton C. Miller wenye takriban filimbi 1,700 katika Maktaba ya Bunge la Marekani, walizuka waliokasirika. Mfano huo hausaidii upande wowote, kwa kuwa kioo hakivimbi kwa pumzi. Mti hudhurika. Pumzi ya mtu hutoka ikiwa na joto la mwili na imejaa unyevu, ikigonga ukuta uliopoa inageuka maji, tabaka la ndani linavimba huku la nje likiwa kavu, na mvutano huo ndio unaopasua filimbi iliyolala miaka 60 kabatini na kuamshwa kwa saa mbili za furaha. Kwa hiyo aliyeipata filimbi ya namna hiyo huipa dakika chache kwa siku, akiongeza kidogo kila wiki, huifuta ndani kila mara na kuipaka mafuta ya lozi kwa uchache. Mahali ulipo napo pana neno lake. Anayeishi Toronto, katika nyumba inayopashwa joto miezi ya baridi, au Muscat chini ya kiyoyozi, hupambana na ukavu na nyufa. Wa Dar es Salaam au Mombasa atakuta ndimi zimevimba na vipande vimegoma kutengana, na akilazimisha atavunja kiungo.

Je, hatari hiyo inatosha kuzifungia zote kabatini? Nadhani hapana, na kigezo cha kipimo husaidia kuchagua. Filimbi iliyobaki na mrija wake usioguswa, mdomo wake usiochongwa upya, ni ushahidi, na ushahidi wa namna hiyo upimwe kwa makini kisha upulizwe kwa nadra. Ile ambayo fundi fulani wa zamani alikwisha kuipanua na kuikata haina siri kubwa ya kulinda. Na ipulizwe hadi ichoke. Soko hufanya kinyume, maana wanamuziki huzing'ang'ania nzima na kuzitumia kila usiku, huku zilizochezewa zikiozea kwenye droo. Mkusanyaji Philip Bate alipoupa Chuo Kikuu cha Oxford mkusanyiko wake wa vyombo mwaka 1968 alitaka utumike kufundishia na uwe na mtunzaji mtaalamu. Masharti hayo mawili yanakwenda pamoja: kutumia bila mtunzaji ni kuteketeza, na mtunzaji asiyeruhusu matumizi hajui kama anatunza filimbi au mti wenye matundu.

Swali lililobaki ni kwa nini mtu asinunue mpya tu. Anayetaka kupuliza na si zaidi, anunue mpya, na simwambii hivyo kwa huruma. Mafundi wa Ireland, Uingereza, Marekani na Australia wanachonga filimbi zilizotokana na vipimo vya Rudall na vya zile za Pratten, mpulizaji mwingine wa Uingereza wa karne ya 19, zilizotolewa na karakana ya Boosey, wakisogeza matundu hadi zikalie sawasawa kwenye 440, na kwa kawaida bila bomba refu la shaba kichwani, au wakiliacha na nafasi ya mti kusinyaa. Mti wao mkuu ni mpingo. Hapo habari hii inafika Kilwa, ambako mwaka 2009 vijiji vinavyosimamia misitu yao ya asili vilipata cheti cha kimataifa cha usimamizi wa misitu cha FSC, hatua ya kwanza ya aina yake Afrika kwa misitu ya asili inayosimamiwa na wanakijiji. Mpingo huchukua miongo saba au zaidi kufikia unene wa kuvunwa, hukua umejipinda, na sehemu ndogo tu ya gogo hutoa vipande vinyofu visivyo na kasoro vinavyofaa ala za muziki. Filimbi mpya nzuri, kwa hiyo, ina wazazi wawili: gogo la kusini mwa Tanzania na kipimo kilichochukuliwa ndani ya filimbi ya London ambayo hakuna aliyeipitisha kekee. Mzazi wa pili akiharibiwa, mafundi wa kesho watanakili makosa ya mkarabati wakidhani ni ufundi wa Rudall.

Sheria nazo zina sehemu yake, na mnunuzi wa mbali asizipuuze. Miti yote ya jenasi Dalbergia, mpingo ukiwamo, iliwekwa chini ya udhibiti wa CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe vilivyo hatarini, kuanzia Januari 2017, na kwa karibu miaka mitatu filimbi ya mpingo iliyouzwa kuvuka mpaka ilihitaji kibali. Tangu mwishoni mwa Novemba 2019 ala za muziki zilizokamilika zimeondolewa katika masharti hayo. Kokasi haimo kabisa. Tatizo kubwa ni pembe za ndovu, kwa kuwa filimbi nyingi za kale zina pete za pembe, na nyingine kichwa kizima. Katika karne ya 19 Unguja ndiyo iliyokuwa soko kuu la pembe za Afrika Mashariki, zilizopendwa na mafundi wa Ulaya kwa ulaini wake, hivyo si ajabu baadhi ya pete hizo zilipita forodha yake. Uingereza huruhusu biashara ya ala za muziki zilizotengenezwa kabla ya 1975 ikiwa pembe ni chini ya asilimia 20 na chombo kimesajiliwa, chini ya sheria ya mwaka 2018 iliyoanza kutumika 2022. Kuivusha mpaka filimbi ya namna hiyo ni kazi nyingine kabisa yenye vibali vyake, na mtu anayeagiza kutoka nje ahakikishe pete ni za fedha kabla ya kulipa.

Ningekuwa na uwezo wa kubadilisha jambo moja katika soko hili, ningedai kila filimbi iuzwe na karatasi ya vipimo: upana wa mrija kila baada ya sentimita moja, ukipimwa pande mbili ili kubonyea kuonekane, urefu na upana wa tundu la mdomo, umbali kutoka tundu la juu hadi la Eb, na maelezo ya nani alifanya nini ndani yake na lini, kwa kadiri inavyojulikana. Kwenye kichwa cha kawaida upana huwa karibu milimita 19, na kuelekea mkiani hushuka hadi karibu 11. Mahali mteremko huo unaporuka ghafla, kekee ya mtu ilipita. Kupima kunahitaji nusu saa, kalipa na vijiti vichache vya kupimia. Muuzaji asiye na karatasi hiyo si lazima awe tapeli, huenda hakuwahi kuulizwa. Aulizwe. Akigoma kuruhusu kijiti kiingie ndani ya mrija, mnunuzi aitolee filimbi ile bei ya pete zake za fedha.